Acheni Kutuuzia Askari wa Mwili

Ukishika Barabara ya Naivasha kutoka Dagoretti Corner, ukapita Riruta Satellite hadi Kawangware, utauziwa kinga ya mwili zaidi ya mara moja kabla hujafika. Iko kwenye chupa za plastiki zenye karatasi ya kijani, kwenye vikopo vya unga wa mlonge, kwenye maji ya tangawizi, ndimu na kitunguu saumu yanayopimwa kwa glasi ndogo. Iko dukani kwa dawa, vidonge vya zinki na vitamini C vikiwa vimepangwa pale pale unapolipia. Maelezo ni yale yale: mwilini mwako mna askari, askari wako wamepungua au wamechoka, kunywa hii waongezeke. Wala si wachuuzi peke yao. Mhubiri anasema hivyo. Shangazi anaandika hivyo kwenye kundi la ukoo. Hata muuguzi aliyesomea kazi yake, akimweleza mgonjwa wa Ukimwi habari za seli zake za kinga za CD4, huanza na askari kwa sababu ndiyo picha iliyo karibu.

Naipinga picha hiyo. Siipingi kwa kuwa ni ya kitoto, maana picha za kitoto zina kazi yake. Naipinga kwa kuwa inadanganya mahali pale pale inapotumiwa kututoa pesa. Kinga ya binadamu haikusimama juu ya wingi wala ukali. Imesimama juu ya mchujo, tena mchujo usio na huruma, na kabla seli moja ya kinga haijaruhusiwa kutembea ndani yako, mwili umekwisha kuua nyingine nyingi ulizozizaa wenyewe. Anayetaka ushahidi aanze na tezi ambayo sijapata kumsikia mchuuzi hata mmoja akiitaja.

Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, kuna tezi laini yenye vipande viwili iitwayo thaimasi. Kwa mtoto ni kubwa ukiilinganisha na mwili wake. Baada ya balehe huanza kunywea na kugeuka mafuta polepole. Hadi miaka ya 1950 wataalamu wengi waliihesabu kuwa masalio tu yasiyo na kazi. Mwaka 1961, mjini London, Jacques Miller alieleza yaliyowapata panya aliowaondolea tezi hiyo wakiwa wachanga: walipungukiwa na seli za kinga ziitwazo limfosaiti, waliandamwa na maambukizi, na walipopachikwa ngozi ya panya wengine hawakuikataa. Mnyama asiye na thaimasi hajui kilicho chake na kisicho chake.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu humo ndimo hoja ya chupa inapovunjikia.

Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia thaimasi zikiwa hazina kipokezi, yaani kiungo cha kushikia adui. Kila moja hukata na kuunga upya vipande vya jeni zake kwa bahati nasibu mpaka ipate kipokezi chake yenyewe, tofauti na cha jirani yake. Bahati nasibu hiyo ina maana yake. Mwili haujui mwaka kesho kutakuja kirusi gani, basi hutengeneza mamilioni ya maumbo bila kuchagua ukitarajia kwamba mojawapo litafaa. Lakini bahati nasibu haina adabu. Katika mamilioni hayo yamo maumbo yasiyoshika kitu chochote, na yamo yanayoshika kongosho, viungo vya magoti, ngozi na mishipa ya fahamu ya mwenye mwili.

Ndipo mchujo unapoanza. Katika gamba la nje la tezi, seli hukutanishwa na molekuli za HLA za mwili ule ule. Hizi ni protini zinazokaa juu ya seli zetu zikiwa zimeshika vijipande vya protini nyingine, na seli T, yaani seli ya kinga inayofunzwa humu ndani ya thaimasi, haioni kitu ila kikiwa kimeshikwa hivyo. Seli ambayo kipokezi chake hakiwezi hata kuzigusa HLA za kwao haipewi ishara ya kuishi. Hakuna anayeishambulia, inaachwa tu, na baada ya siku chache inajifia. Seli nyingi huishia hapo. Zinazobaki huingia kwenye kiini cha tezi, na huko hofu ni ya aina nyingine: zinazoshika mno. Jeni moja iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, huzifanya seli za kiini hicho zitengeneze protini ambazo kwa kawaida ni za viungo vya mbali, insulini ya kongosho ikiwa mojawapo, ili seli T ijaribiwe nazo kabla haijatoka. Ikizikamata kwa nguvu, inauawa. Watu wanaozaliwa na hitilafu katika AIRE, ugonjwa uliochunguzwa sana Finland na katika kisiwa cha Sardinia, hushambuliwa na kinga yao wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo na kwenye tezi zinazosimamia kalsiamu.

Katika kila seli 100 zinazoingia kwenye mchujo huu, makadirio yanayokubalika ni kwamba zinazotoka hai hazizidi 5.

Riruta ni mtaa unaojua mitihani. Shule ya wasichana ya Precious Blood iko hapa, na matokeo ya KCSE yakitangazwa jina lake halikosi kutajwa. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia mchujo, moja kwa moja hufikiri kwamba waliopata A ndio wanaopita. Thaimasi haisahihishi hivyo. Aliyepata sufuri hufa, na aliyepata mia kwa mia naye hufa. Hupita yule wa katikati, anayeigusa HLA ya mwili wake kwa wepesi, kiasi cha kuitambua na si kiasi cha kuikamata. Tena baadhi ya walioikaribia mia hawauawi bali hupewa kazi nyingine: huwa seli T dhibiti, ambazo wajibu wao ni kuwatuliza wenzao. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha wazi mwaka 1995. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni inayozitawala, FOXP3, mwaka 2001, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Mtoto wa kiume anayezaliwa na FOXP3 iliyoharibika hupata kisukari, kuhara kusikokoma na ukurutu mwili mzima angali mchanga, na asipotibiwa aghalabu hafiki mbali. Mtoto huyo hana upungufu wa askari. Anao tele. Kinachomuua ni kukosa wa kuwazuia.

Basi namrudia mwenye chupa, nami nina swali moja tu. Unaongeza seli zipi? Kama ni zote, umeongeza pia zile chache zilizoponyoka mchujo, ambazo kila mmoja wetu anazo. Kama ni zile nzuri tu, umezijuaje, na dawa yako imezijuaje? Kama unaongeza ukali wao, je, umeongeza na wa seli dhibiti, au umewaachia njia wale zinaowazuia? Sijapata kusikia jibu.

Mtu ataniambia haya ni maswali ya darasani. Haya, tuifuate Barabara ya Naivasha ile ile, tuipite Kawangware, hadi Uthiru. Huko, tangu mwaka 1973, kulikuwa na maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ILRAD, ambayo katika miaka ya 1990 iliunganishwa na nyingine ikawa ILRI ya leo. Mojawapo ya kazi zilizoipa jina ni utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe wa masikio. Mfugaji yeyote wa Kikuyu au Limuru anaujua: tezi iliyo chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mnyama anaacha kula, pumzi inakuwa nzito, na baada ya wiki chache amekufa huku mapafu yamejaa maji.

Kinachosababisha hayo ni kijidudu kiitwacho Theileria parva, na namna kinavyofanya kazi ndiyo ingepaswa kuandikwa kwenye kila chupa ya kuongeza kinga. Kijidudu hicho huingia ndani ya limfosaiti, na badala ya kuziua, huzichochea. Seli iliyoambukizwa huanza kugawanyika bila kikomo, kijidudu nacho kikigawanyika pamoja nayo, hadi seli hizo zinajaa kwenye tezi, kwenye mapafu, kwenye utumbo. Kwa hesabu ya mchuuzi wetu, ng'ombe huyu ndiye mwenye kinga nono kuliko wote zizini. Seli za kinga zimeongezeka kweli, zimechangamka kweli, na ndizo zinazomuua.

Na kinachomwokoa? Njia ya chanjo iliyobuniwa Muguga, ng'ambo kidogo ya Kikuyu, humpa mnyama vijidudu hai pamoja na kiuavijasumu cha kuvidhibiti, ili mwili wake upate muda wa kuteua seli chache zinazovitambua. Mwaka 1994 watafiti wa ILRAD walionyesha ni seli gani. Walichukua seli T za aina ya CD8 kutoka kwa ndama aliyekwisha kukingika, wakamtilia pacha wake, na pacha akakingika. Walitumia ndama pacha wanaofanana kabisa, na sababu yake inatoka moja kwa moja kwenye thaimasi: seli T iliyofunzwa kwa molekuli za jamii ya HLA za mwili mmoja haifai kitu katika mwili wenye molekuli nyingine. Kanuni hiyo iligunduliwa Canberra mwaka 1974 na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakaitwalia Nobel mwaka 1996. Doherty, daktari wa mifugo kwa kusomea, aliwahi kuketi kwenye bodi ya ILRAD hapo Uthiru. Yaani elimu hii haikutoka mbali. Ilikuwa mwendo wa matatu moja.

Kama ng'ombe hawatoshi, twende upande wa pili wa jiji, Majengo. Tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono huko. Wachache miongoni mwao waliishi miaka mingi katika kazi hiyo, wakikutana na virusi vya Ukimwi tena na tena, bila kuambukizwa. Kila mtu alitarajia kwamba hao ndio wenye kinga kali kupindukia. Keith Fowke na wenzake walipozipima seli T zao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 yalionyesha kinyume: seli zao zilikuwa tulivu kuliko za wenzao, na seli dhibiti zilikuwa nyingi zaidi.

Ukifikiri kidogo, inaeleweka. Virusi hivi huingia kwa urahisi zaidi kwenye seli T za CD4 zilizoamshwa. Anayeziamsha seli zake ovyo anaviandalia virusi malazi. Kundi hilo hilo likaenda mbele, likawapa wanawake wa Nairobi aspirini ya dozi ndogo kwa wiki kadhaa, na mwaka 2018 likaripoti kwamba seli ambazo virusi huzipendelea zilipungua kwa karibu theluthi moja katika njia ya uzazi. Hilo si thibitisho kwamba aspirini inazuia maambukizi, na asiondoke mtu hapa akaenda kuinunua. Lakini angalia mwelekeo: watu waliotazama kinga kwa undani zaidi katika jiji hili waliishia kutafuta dawa ya kuituliza.

Zipo pingamizi, na nyingine zina uzito.

Wa kwanza atasema: mgonjwa wa Ukimwi, si CD4 zake zimepungua, na si anapona zikiongezeka? Ni kweli zimepungua na ni kweli zinarudi. Lakini dawa za ARV hazizigusi seli hizo. Zinamzuia kirusi asizaliane, basi. Kurudi kwa seli ni kazi ya mwili wenyewe, wa mtoto ukiifanya vizuri zaidi kwa sababu thaimasi yake bado ni kubwa. Waliojaribu njia ya mkato tunawakumbuka. Mwaka 1990 Rais Moi mwenyewe aliitangaza Kemron, dawa ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ya interferoni kidogo ya kumung'unywa mdomoni, na taifa likashangilia. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja kubwa la Kampala lililoilinganisha na kidonge kisicho na kitu, hayakuona faida yoyote. Anayekumbuka shangwe ile ana haki ya kuwa mgumu wa kushawishika leo.

Wa pili atasema: chanjo nazo si zinaongeza kinga? Hapana. Chanjo huuonyesha mwili kipande mahususi cha adui mahususi, na seli chache zenye kipokezi kinacholingana nacho huzaana kwa muda, kisha nyingi zao hufa na kuacha kumbukumbu. Ni uteuzi tena, safari hii nje ya thaimasi. Ndiyo maana chanjo ya surua haikukingi pepopunda.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu, la lishe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali thaimasi yake hunywea kabisa, na akilishwa vizuri hurudi, ingawa polepole. Zinki inahitajika. Protini inahitajika. Sibishi hata kidogo. Ila tazama hoja hiyo inakoelekea: inaelekea kwenye sahani. Mpango wa Dishi na County ulianza mwaka 2023 kuwapa watoto wa shule za msingi za umma Nairobi chakula cha mchana, mzazi akichangia shilingi 5. Hizo tano zimeifanyia thaimasi ya mtoto kazi ambayo unga wa kijani wa mamia ya shilingi hauwezi kumfanyia baba yake aliyeshiba. Kumpa mtu kilichompungukia ni tiba. Kumzidishia asichopungukiwa ni biashara. Tena zinki ikizidishwa kwa muda mrefu huzuia mwili usipate shaba, na upungufu wa shaba hushusha seli nyeupe za damu. Kwa hiyo mpenzi wa vidonge anaweza kufika pale alipokuwa akipakimbia.

Halafu kuna lile jibu la mwisho, ambalo halina adabu ya hoja lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote mtaani: mimi nilikunywa nikapona. Ulipona mafua, ndugu yangu. Mafua huisha. Mapitio makubwa ya tafiti za vitamini C yamekuta kwamba kwa watu wa kawaida kuitumia kila siku hakupunguzi idadi ya mafua wanayopata, na siku za kuugua kwa mtu mzima hupungua kwa asilimia 8 hivi. Huko ni kupona saa chache mapema. Chai ya tangawizi ni tamu na nitaendelea kuinywa, bila kuisingizia makuu.

Mwaka 2020, Covid ilipoingia, mtaa mzima ulinuka ndimu na mvuke wa mwarobaini. Sote tuliogopa na sitamcheka mtu kwa hofu yake. Lakini mwezi Juni mwaka ule ule ndipo jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY lilipotangaza dawa ya kwanza iliyothibitika kupunguza vifo vya Covid. Ilikuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Na deksamethasoni hufanya nini? Hushusha kinga. Wagonjwa wale mahututi mapafu yao yalikuwa yanaharibiwa na kinga yao wenyewe, iliyokwisha kupandishwa kuliko inavyoweza kupandishwa na tangawizi yoyote.

Anayeumia zaidi na uongo huu si yule anayepoteza mia mbili kwa ajili ya chupa. Ni mgonjwa wa lupus, aghalabu mwanamke kijana, ambaye kinga yake inamla viungo, ngozi na figo. Kliniki imempa prednisoloni na hidroksiklorokwini. Nyumbani anasikia jambo jingine. Mama mkubwa anamwambia hizo dawa zinamshusha kinga, na hajakosea. Dada anasema ndiyo sababu anachoka. Jamaa wanakaa, wanachanga, wananunua dozi ya miezi mitatu ya kumrudishia askari wake, na kwa kuwa mtu hawezi kushusha na kupandisha kwa wakati mmoja, anaambiwa aziache za hospitali kwanza. Anarudi wodini miguu imevimba, mkojo una povu, na jambo la kwanza analofanya daktari ni kuongeza dozi ya kuishusha kinga ile ile ambayo ukoo mzima umechangishana kuipandisha.